Kifungo cha Koti Kwenye Kikombe cha Barafu

Shemeji yangu alinifanya nionekane nimeharibikiwa na akili, kisha yeye akaendelea kuitwa mtu mwema mtaa mzima. Hata leo ukiuliza habari zake watakuambia, ah, yule, mpole yule, hajawahi kugombana na mtu. Mimi nilikuwa nakaa kimya natafuna ulimi. Nimeutafuna miaka. Sasa nasema, na anayetaka kuziba masikio azibe.

Huyo shemeji ni mume wa mdogo wangu, tumbo moja na mimi. Mtaani wanamwita Bwana Barafu. Jina hilo kalipata ujanani, alipokuwa anauza barafu za mifuko stendi, anakimbiza mabasi na ndoo, meno yote nje. Mimi sikumpenda tangu siku ya kwanza. Mtu gani anacheka na kila mtu? Mdogo wangu yeye alipendea koti. Jamaa alikuwa na koti la buluu la mtumba, vifungo vya chuma vinameremeta, sijui lilikuwa la baharia au la mpiga tarumbeta, na alilivaa juani jasho likimwagika.

"Dada, muone anavyopendeza."

"Namuona anavyoiva," nikamwambia.

Wakaoana hivyohivyo.

Sitamsingizia: alimtunza. Alipata kazi hospitali, kwanza mlinzi wa geti, halafu mfagiaji, mwisho wakamweka maabara atunze friza. Friza yenyewe siyo hii ya kuwekea samaki. Kubwa kama kabati la nguo, ukifungua inakutolea moshi usoni, ukigusa ukuta wake kidole kinanata. Humo ndimo zilikuwa zinawekwa damu za watu zinazongoja kusafirishwa kwenda kwenye mashine kubwa za kupimia, huko mbali. Walimpa yeye kwa sababu hachoki kutazama kitu. Wengine wakikaa na friza wanasinzia. Yeye anaitazama kama mtoto mchanga.

Na alikuwa na mbinu yake. Alijaza maji kikombe cha bati akakigandisha humo humo ndani ya friza. Kisha akang'oa kifungo kimoja cha koti lile akakiweka juu ya barafu. Kila akiingia kazini, hata kofia hajavua, anafungua kutazama kikombe. Kifungo kikiwa juu, mambo shwari. Umeme ukikatika muda mrefu, barafu inayeyuka, kifungo kinazama. Umeme ukirudi, maji yanaganda upya na friza inaonekana vilevile, lakini kifungo kimebaki chini ya kikombe. Ndiyo unajua kwamba damu ziliyeyuka wewe ukiwa hupo, na damu iliyoyeyuka ikaganda tena haifai kupimwa, inamwagwa, mtu anaitwa atoe nyingine. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya pale, na alitusimulia mpaka tukachoka. Ukienda kwao kula, hujanawa mikono, keshaanza kifungo.

"Tangu nishike friza ile, kifungo hakijawahi kuzama," anasema, anajipiga kifua.

"Na wewe je, hujawahi kuzama?" namuuliza. Anacheka. Kila kitu anacheka.

Alikuwa na wivu na friza ile kuliko mkewe. Kulikuwa na jenereta kwenye chumba chake nyuma ya maabara, umeme ukikatika inawashwa. Ufunguo wa chumba hicho ilikuwa ubaki kwa mlinzi. Yeye akakataa. Alisema mlinzi atachanganya mafuta, atanichezea mashine, wale hawajui kitu. Akawa anatembea nao mfukoni mwa suruali, sokoni, msibani, kila mahali.

Sasa niseme habari ya mama yetu, bila hiyo hutaelewa kwa nini niliogopa namna ile.

Mama alikufa na ugonjwa wa kusahau. Siyo kusahau kwa wazee, miwani iko kichwani unaitafuta uvunguni, hapana. Alianza kuuliza jambo moja mara kumi. Akaja kuweka kiatu kwenye sufuria, akafunika na kifuniko, akakaa pembeni anangoja kiive. Mwisho, mimi binti yake mkubwa, niliyetoka kumwogesha mwenyewe, ananitazama hivi, anamgeukia mdogo wangu, anamuuliza, "Huyu mwanamke anataka nini humu ndani?" Nilitoka nje nikashika ukuta. Tangu siku hiyo hofu ikaingia mwilini mwangu, haikutoka.

Basi hospitali wakaleta kipimo kipya. Wakasema kwenye damu zinaweza kuonekana dalili za ugonjwa ule mapema, mtu bado mzima anacheka, na wanawataka hasa wale ambao wazazi wao waliumwa. Mdogo wangu akakimbilia. Damu yake ikapelekwa, majibu yakaja mazuri. Mimi nikawa napiga chenga. Leo mguu unauma, kesho mvua. Ukweli nilikuwa naogopa kujua. Mwisho mdogo wangu akanishika mkono kama anampeleka mtoto shule.

Nesi akanichoma, damu ikaingia kwenye tyubu yenye kizibo cha zambarau. Akaipindua taratibu, akaitia kwenye mashine ya kuzungusha, ikavuma kama cherehani. Ilipotoka, damu imegawanyika: chini nyekundu nzito, juu maji ya njano, rangi ya mafuta ya kupikia. Akayavuta yale ya njano akayatia kwenye vichupa vidogo vya plastiki, kila kimoja akakibandika alama yangu. Nilivitazama nikawaza, hivi mimi nzima nimekuwa hiki tu?

Bwana Barafu akavipokea na glovu zake mikononi.

"Shemeji, mbona unatetemeka? Humu iko salama kuliko mwilini mwako."

Nilimwamini. Hilo ndilo linaloniuma mpaka kwenye mifupa. Nilimwamini.

Baada ya hapo zikaja siku za mapumziko, ofisi zimefungwa, na umeme ukakatika mji mzima. Nakumbuka kwa sababu maziwa yangu yaliharibika nikayamwaga. Habari ya damu haikunipita hata kichwani.

Majibu yakachukua muda. Siku yalipokuja nilikutana na kijana wa koti jeupe, shingo nyembamba, anasoma karatasi asinitazame. Akasema alama za ugonjwa zipo. Alisema hivyo, zipo, kama muuza genge anavyosema nyanya zipo. Hakuniuliza hata jina la mtoto wangu, hakuniuliza nimekujaje pale. Nilirudi nyumbani nikakaa kitandani na mkoba begani, sikuuweka chini mpaka mdogo wangu alipokuja kuniuliza.

Wakaitana. Kikao kikakaa sebuleni kwa mdogo wangu: yeye, mumewe, na mwanangu wa kiume, huyo mmoja niliye naye. Mimi nimekaliwa kikao kama mwizi. Wakati huo nilikuwa nalea mtoto wa huyo mwanangu, mjukuu wangu wa kike, tunamwita Chiriku kwa jinsi alivyokuwa hanyamazi. Alikuja kwangu akiwa anatambaa. Analala kwenye mgongo wangu, anakula kwenye sahani yangu.

"Mama, usinielewe vibaya," mwanangu akaanza.

"Nikuelewe vizuri vipi? Nionyeshe."

"Bibi alisahau jiko linawaka. Unakumbuka. Mimi siwezi kumwacha mtoto..."

"Mimi nimesahau jiko lini? Taja siku."

"Bado, mama. Lakini majibu yameshatoka."

Nikamgeukia Bwana Barafu. Yeye ndiye mtu wa maabara, watu walimsikiliza. Nikamwambia, "Shemeji, hawa watu wa mashine hawakosei? Hebu sema wewe." Alikuwa anatazama viatu vyake. Ngozi ya uso imekuwa kama majivu. Akasema kwa sauti ndogo, "Damu haisemi uongo, shemeji."

Maneno yale nilikaa nayo miaka. Nilikuwa nayasikia nikichana nywele.

Walimchukua Chiriku siku hiyo hiyo. Alishika kitasa cha mlango kwa mikono miwili, baba yake anambandua kidole kimoja kimoja. "Bibi, waambie!" Niwaambie nini? Na jiko langu la gesi wakalibeba, wakamlipa jirani awe ananiletea chakula kwenye hotipoti. Jirani mwenyewe ukimwambia ahsante anakujibu kwa sauti kubwa na pole pole, utafikiri unaongea kutoka kisimani.

Basi nikaishi na hofu. Wewe usiyewahi kuishi nayo utasema uoga tu wa mwanamke. Nikiamka, kabla sijafungua macho, nataja majina ya ndugu zangu waliokufa, mmoja mmoja, nikikwama kwa mmoja moyo unanidunda mpaka shuka linatikisika. Nikitoka nje nataja nani anakaa mlango gani, fundi viatu, mwalimu mstaafu, yule mama wa vitumbua mwenye domo, mpaka mwisho wa mtaa. Siku moja nilikosa kijiko cha chai. Nilikaa sakafuni nikalia, nikasema, ndiyo inaanza, ndiyo hii. Kumbe kilikuwa ndani ya kikombe. Nilikuwa naangalia kiatu changu kimoja naogopa kukigeuzia mgongo. Sufuria nilizificha kabatini. Hofu yangu kubwa ilikuwa siku Chiriku atakuja kunisalimia, nami nimuulize huyu mtoto wa nani.

Na alikuwa haji. Walimleta mara chache, anakaa ukingoni mwa kiti, ananitazama kama mbwa asiyejulikana anauma au haumi. Wamemjaza maneno.

Siku zikaenda. Bwana Barafu akastaafu, wakampa saa ya ukutani na makofi. Alikuwa bado na lile koti la buluu. Na kikombe chake, si akaja nacho nyumbani! Akakitia kwenye friza ya mkewe kati ya nyama, na kifungo chake juu. Kazi imekwisha, yeye anakagua.

Halafu ndiyo akaanza. Anauliza jambo moja mara kumi. Nilipomsikia mara ya kwanza, nywele zilinisimama. Nilimjua mgeni yule, alishawahi kukaa nyumbani kwetu. Mdogo wangu anasema, "Ah, uzee tu." Nimchekee? Nilitamani kumchekea, kicheko hakikuja. Kila nikimtazama nawaza, zamu yangu inafuata.

Mdogo wangu akawa ananiomba nikae na mumewe, yeye akienda sokoni. Mgonjwa amlinde mgonjwa, ndivyo nilivyomwambia. Siku hiyo nilifika asubuhi, nikamkuta jikoni, koti limefungwa mpaka shingoni, mlango wa friza wazi, kikombe mkononi. Anachimba barafu kwa kijiko, anachimba kwa pupa, vipande vinaruka mpaka kwenye kuta.

"Funga mlango, baridi inatoka," akasema, hakugeuka.

"Unafanya nini, shemeji?"

"Shh! Wewe mama wa usafi, hukuona kitu. Umesikia? Hukuona kitu. Kimezama."

"Nini kimezama?"

"Kifungo. Umeme umekatika wote huu, na ufunguo wa jenereta ninao mimi. Mimi! Niko nyumbani nimelala na ufunguo mfukoni, nasema utarudi tu sasa hivi. Nimekuja nakikuta chini kabisa. Nakirudisha juu kabla daktari hajaja."

Nikaelewa: kwake tuko maabara, miaka ile, na mimi ni mfagiaji. Nikajikaza nisipige kelele.

"Na damu za watu?"

"Zimeganda tena. Ziko vilevile, huwezi kujua. Zinasafirishwa leo. Nani atajua?"

"Si useme ukweli, wamwage, watu waitwe tena?"

"Wataninyang'anya friza." Akaanza kulia, kijiko kinagonga bati. "Ya dada yake mke wangu imo humu. Yule mkali. Nitamwambia daktari kesho."

"Kesho ipi?"

"Kesho."

Nikasikia kitu kimeanguka nyuma yangu. Mdogo wangu alisimama mlangoni, kikapu chini, vitunguu vinabingirika. Alikuwa amerudi kuchukua mfuko.

"Dada, usimsikilize," akasema. "Kachanganyikiwa. Hajui asemalo."

Hapo ndipo hofu mpya ikanishika, mbaya kuliko ya zamani. Ni kweli, nani atatuamini? Mgonjwa wa kusahau kasema, na shahidi wake mgonjwa wa kusahau. Nilimshika mdogo wangu mabega.

"Wewe una akili zako zote. Niambie. Zile siku umeme ulikatika, ufunguo ulikuwa wapi?"

Akatazama chini, akaokota kitunguu, akakirudisha chini.

"Nilifua ile suruali," akasema. "Nilifua na ufunguo ndani. Uligonga beseni."

"Na hukusema."

"Sikujua maana yake, dada. Wallahi sikujua."

"Na sasa?"

Alikaa kwenye kigoda, akafunika uso na khanga. Lakini tulipokwenda hospitali alikwenda na mimi, akayasema yote mwenyewe, huku mumewe amekaa pembeni anamsalimia kila apitaye. Hilo namhesabia.

Yule wa shingo nyembamba alishaondoka. Tulimkuta daktari wa wazee, mwanamke mnene, kavua viatu chini ya meza. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavaa viatu.

"Mama, ngoja nikueleze," akasema. "Kuna protini tunayoitafuta kwenye damu. Mtu akiumwa ugonjwa ule, hiyo protini inang'ang'ania kwenye ubongo, kwenye damu inabaki kidogo. Kwa hiyo mashine ikikuta kidogo, tunashtuka. Sasa damu ikiyeyuka, ikakaa na joto, ikaganda tena, hiyo protini inaharibika yenyewe. Mashine inakuta kidogo. Kwa mtu mzima kabisa."

"Kwa hiyo mimi ni mzima?"

"Hapana. Sijui. Ile damu haikutuambia kitu, ndicho ninachosema. Na hata ingekuwa nzuri, mtu hahukumiwi kwa damu peke yake. Ilitakiwa ukae hivi mbele ya daktari uulizwe maswali."

Akaniuliza maswali, akanichoresha saa, akaniambia maneno niyataje baadaye. Nikayataja. Saa yangu ilikuwa kama kiazi, lakini mishale ilikaa panapotakiwa. Halafu akasema nitoe damu nyingine.

Nilikaribia kukimbia. Ile hofu ya zamani angalau ilikuwa na mlango: labda walikosea. Nikitoa damu tena na ikasema vilevile, mlango umefungwa. Mdogo wangu akasema, "Dada, tukiacha hivi, Chiriku hatarudi." Nikanyoosha mkono.

Safari hii nilisimama palepale. Tyubu ya zambarau, cherehani ikavuma, maji ya njano yakatoka. Friza ni mpya, inalia yenyewe ikipata joto, na ufunguo wa jenereta unaning'inia ukutani kwa mlinzi. Niliuvuta kidogo nione kama kweli unatoka. Mlinzi akaniuliza, "Bibi, unataka kuwasha nini?" Nikamwambia, "Nataka wewe uwashe."

Kungoja nisikueleze. Sikuwa nalala, chakula cha hotipoti nilikuwa nakirudisha.

Siku ya majibu nilimwita mwanangu, nikamwambia njoo na mtoto wako. Tukajaa chumba cha daktari: mimi, mdogo wangu, Bwana Barafu na koti lake, mwanangu, na Chiriku amekuwa mrefu ananipita, kavuta kiti karibu na mlango. Daktari akanitazama mimi, machoni, hakutazama karatasi.

"Mama, alama za ugonjwa hazipo. Damu ni safi, na maswali uliyajibu vizuri. Wale wa shehena ile tumeanza kuwaita wote."

Mwanangu akashika kichwa. "Mama," akasema. "Mama, mimi..."

"Jiko langu liko kwako," nikamwambia. "Lilete leo. Ulisugue kwanza, maana namjua mkeo."

Chiriku akacheka, mkono mdomoni. Kisha akaja mpaka nilipo, taratibu. "Bibi, unanikumbuka?"

"Nikusahau wewe? Umenikojolea mgongo huu mpaka nguo zangu zote zikapauka." Akaniangukia shingoni, na mimi ndipo nikalia, hadharani, kamasi na yote.

Tulipotoka, Bwana Barafu alinishika mkono wa nguo pale koridoni. Uso wake ulikuwa ule wa kwenye kile kikao.

"Mama wa usafi, umeme umerudi?"

"Umerudi."

"Daktari kajua?"

Mdogo wangu alinitazama, macho yanaomba. Nilijua anaomba niseme hapana, mzee wa watu alale kwa amani. Miaka yote ile mimi nani aliniombea nilale?

"Kajua," nikamwambia. "Kajua yote. Kila mtu kajua."

Akavuta pumzi ndefu, mabega yakashuka. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa kile kifungo cha chuma, akaniwekea kiganjani. Kilikuwa na joto la mwili wake.

"Basi wewe kitunze," akasema.

Ninacho. Kiko kwenye kopo la sindano. Mdogo wangu aliniuliza kama nimemsamehe mumewe, nikamwambia anisaidie kubeba jiko.